Mbagala Rangi Mbili

Kamati ya harusi hapa Dar es Salaam inasamehe mengi. Inamsamehe mshereheshaji aliyefika saa tatu badala ya saa moja, inausamehe wali ulioshika chini, na hata mjomba aliyeahidi laki mbili mbele ya wajumbe kisha akazima simu, miezi ikipita atasamehewa. Rangi ndiyo haisamehewi. Kikao kikishapitisha damu ya mzee na maziwa, basi ni damu ya mzee na maziwa kuanzia kadi ya mchango hadi utepe wa keki, na ole wake atakayeleta nyekundu ya kawaida. Nimemshuhudia mama mtu mzima akirudisha vitambaa vya viti kwa fundi cherehani, kwa maelezo kwamba mzee aliyetoa damu ile alikuwa bado kijana.

Nayajua haya kwa sababu ndiyo yaliyonilisha. Mwaka 2011, mwaka wa mgao mkali wa umeme, kabla kadi za harusi hazijahamia kwenye simu, nilikuwa na steshenari katika chumba cha mbele cha nyumba yetu, Mbagala Rangi Tatu. Fotokopi, picha za pasipoti, leminesheni, vocha, na kadi za kila aina ya furaha na msiba. Kompyuta ilikuwa moja. Kioo chake kilikuwa kile cha chogo, cha mtumba kutoka Kariakoo, ambacho mume wangu alikibeba toka kituo cha daladala akikitua kila baada ya nyumba chache na kusema kwamba watu wa zamani walijua kutengeneza vitu.

Walijua kweli. Walichosahau ni kutengeneza waya unaochomoka. Upande wa sipiyu kulikuwa na plagi ya bluu yenye skrubu mbili za kuzungusha kwa vidole, lakini upande wa pili waya uliingia moja kwa moja tumboni mwa kioo na huko ndiko ulikokaa. Waya wa namna hiyo ukiharibika hakuna cha kukimbilia dukani. Ama uutibu, ama ununue kioo kizima.

Na kulikuwa na panya. Meno ya mbele ya panya hayaachi kukua maisha yake yote, kwa hiyo hana budi kuyapunguza kwa kutafuna chochote kilicho mbele yake. Mbele yake, nyuma ya meza yangu, kulikuwa na rimu za karatasi, miguu ya meza ya mninga na boksi la viatu visivyovaliwa. Alipita vyote hivyo. Siku zote nimeamini kwamba panya wa mjini ana mtu anayemtuma.

Sisi hatukumwona akila. Tulimwona mzee mmoja mstaafu, aliyekuja kupiga picha za pasipoti kwa ajili ya mafao yake.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Nitoe vizuri, hizi ni za serikali."

Nikampiga akiwa amekaa mbele ya kitambaa cha bluu, nikaiingiza picha kwenye kompyuta, kisha nikamgeuzia kioo achague, maana ndiyo ilikuwa desturi yetu: mteja achague mwenyewe ili lawama tugawane. Mzee akainama, akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, akaivaa tena. Kwenye kioo kitambaa kilikuwa bluu safi. Yeye mwenyewe alikuwa kijani cha chupa, kuanzia kipara hadi kidevu.

"Mwanangu," akasema taratibu, "huyu ni mimi?"

"Ni wewe baba. Ni mambo ya mwanga tu."

Mama mkwe wangu, ambaye alikuwa mlangoni akichambua mchicha na kuhesabu wateja wangu, akaja kuchungulia. Akamtazama mzee wa kwenye kioo, akamtazama mzee wa kwenye kiti, akarudi kwenye kioo. "Baba," akauliza kwa huruma, "umepima damu karibuni?"

Tangu hapo kila aliyepigwa picha alitoka akiwa amekufa. Ukurasa mweupe ulikuwa na rangi ya feruzi, rangi ya ukuta wa msikiti uliopakwa karibuni. Kitu chochote chekundu kilikuwa cheusi. Kijana wa tawi la Simba alikuja na picha ya timu yake apate bango, akaiona timu nzima imevaa nyeusi, akauliza nani amefariki. Jirani yake wa Yanga alikuja kuona kwa macho yake, akakuta timu yake imezidi kupendeza: kijani ilikuwa kijani, na njano nayo imekuwa kijani. Alikaa dukani kwangu muda mrefu bila kununua chochote.

Kisha akaja mwenyekiti wa kamati. Yeye ndiye aliyekuwa na kazi kubwa, kadi za mchango za harusi ya mpwa wake, na alikuja kuipitisha sampuli kabla sijachapa. Nikamgeuzia kioo. Damu ya mzee ilikuwa nyeusi tii. Maziwa yalikuwa feruzi.

Akaweka mkoba mezani. "Dada, mimi nilisema harusi. Sikusema arobaini."

Hapo ndipo shemeji alipoingia katika jambo hili. Shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, alikuwa amemaliza kozi ya umeme wa majumbani, na tangu alipomaliza hakuna kitu kilichoharibika nyumbani kwetu kikaachwa kiharibike kwa amani. Alisikiliza, akasogeza kiti, akasema tatizo dogo. Picha imepungukiwa nyekundu, tuiongezee nyekundu. Katika programu ya picha kila rangi ina kitufe chake cha kusogeza, kuanzia 0 hadi 255. Akasogeza nyekundu kidogo. Mzee mstaafu akabaki kijani. Akasogeza tena. Kijani. Akaisukuma mpaka ikagonga 255 na haikuwa na pa kwenda tena, na mzee bado alikuwa kijani, akitutazama.

"Kwenye karatasi itakaa," shemeji akasema, akabonyeza kuchapa.

Mzee alitoka na uso wa changu aliyekaangwa kwa mawese. Kile kitambaa cha bluu nyuma yake kilikuwa zambarau.

Nasema wazi kwamba ile picha, iliyotumaliza karatasi ya picha na wino, ndiyo iliyotuponya. Kama karatasi inatoka nyekundu kupindukia wakati kioo kinaonyesha kijani, basi nyekundu ipo. Ipo kwenye kompyuta, ipo kwenye printa. Inapotelea njiani, kati ya sipiyu na kioo. Nilimweleza shemeji hivyo. Akaniangalia kwa upole anaoutumia kwa wateja wanaotaka kuelekezwa pa kuweka soketi.

Kioo cha kompyuta hakina rangi nyingi kama tunavyodhani. Kina tatu tu: nyekundu, kijani na bluu. Zikiwaka zote kwa nguvu unapata nyeupe. Nyekundu na kijani zikiwaka pamoja unapata njano. Zikizimwa zote unapata nyeusi. Kwenye waya ule wa VGA kila moja ya rangi hizo husafiri peke yake, kwenye uzi wake, ndiyo maana panya anaweza kuiua moja na kuziacha mbili zikifanya kazi bila habari. Na kuna jambo ambalo bado linanifurahisha. Ukipoteza nyekundu, nyeupe yako inakuwa feruzi. Ukipoteza kijani, inakuwa ile pinki kali ya zambarau. Ukipoteza bluu, inakuwa njano. Feruzi, pinki kali na njano ndizo rangi tatu za wino zilizomo kwenye printa. Kile kinachobaki kwenye kioo kilichoumwa ndicho unachouziwa kwenye katriji kwa bei ya mbuzi.

Mume wangu aliporudi kazini na kuelezwa, alicheka peke yake mlangoni. Tulikuwa tunakaa Rangi Tatu, alisema, na sasa tumehamia Rangi Mbili bila kulipa gari la mizigo.

Tukavuta meza. Waya ulikuwa umetafunwa karibu na ukuta, ganda jeusi limechanika, na ndani yake nyuzi zikichungulia. Shemeji akachomoa plagi, akaigeuza kwenye mwanga, na papo hapo akapiga kelele kwamba amepata ugonjwa. Pini moja haipo.

Plagi hiyo ilitoka kwa IBM mwaka 1987, na nafasi zake ni 15, katika safu tatu za tano tano. Shemeji alihesabu akapata 14. Katika safu ya kati kulikuwa na tundu tupu. Basi ikawa kazi ya nyumba nzima. Watoto waliwekwa chini ya meza na tochi. Mama mkwe alifagia chumba kwa ufagio wa chelewa, taratibu, mstari kwa mstari, na kila kilichometa kikaletwa kwenye sahani: kipini cha nywele, stepo, ncha ya kalamu, na hereni yangu niliyokuwa nimemshutumu mtu kwa ajili yake. Pini haikuonekana. Shemeji akaanza kuitazama sindano ya kushonea kwa namna ambayo sikuipenda.

Ile pini haikupotea. Plagi nyingi za VGA hutoka kiwandani bila pini ya tisa, tundu huachwa wazi kwa makusudi, na kioo hufanya kazi vizuri bila hiyo. Hilo tuliambiwa baadaye. Usiku ule tulilala tukiamini kwamba panya ameimeza.

Kesho yake ilikuja testa. Mnaijua: ile bisibisi ya mpini wa plastiki yenye kitaa ndani, ukigusa nayo waya wenye umeme kitaa kinawaka. Shemeji aliiwasha kompyuta, akagusa uzi mwekundu uliochubuka. Kitaa hakikuwaka. "Umeona? Umeme haufiki." Akagusa wa kijani. Hakikuwaka. Akagusa wa bluu. Hakikuwaka.

"Shemeji," nikasema, "sasa hizi rangi mbili zinazoonekana zinatoka wapi?"

Akafikiri kidogo. "Hizo ni zile zilizobaki."

Testa imetengenezwa kwa ajili ya umeme wa ukutani, volti 230, na kitaa chake kinahitaji makumi ya volti ndipo kiwake. Rangi kwenye waya wa kioo husafiri kwa volti 0.7, chini ya nusu ya betri moja ya tochi. Kuipima kwa testa ni kumpigia sisimizi baragumu. Ila nimtendee haki: kila alichokiona ndani ya waya ule kilikubaliana na shule yake. Uzi mwekundu, ule ni laivu. Wa kijani, ethi. Wa bluu, nyutro. Zote tatu zipo, zimekaa kwa heshima, kila mmoja mnene na umevikwa wavu wa nyuzi ndogo za shaba. Zile nyingine nyembamba zilizojibanza pembeni, nyeupe, kahawia, nyeusi, njano, hazikuwemo katika wayaringi aliyosomea.

"Na hizi, Shemeji?"

"Hizo za urembo."

Mwenyekiti wa kamati alipiga simu. Nikamwambia mashine iko kwa fundi, jambo ambalo, ukimhesabu shemeji, lilikuwa kweli.

Kulikuwa na risasi ya kuchomelea, kipande kilichozungushwa kwenye kalamu, na kulikuwa na kichomeo. Hakukuwa na umeme. Zamu yetu ya mgao iliangukia jioni ile, mtaa mzima ukawa giza, jenereta ya baa ikaanza kunguruma, na mtu mwingine angeweka vitu chini akangoja. Shemeji akaweka msumari wa inchi sita kwenye jiko la mkaa la mama yake, pembeni ya sufuria ya maharage.

Na kusema kweli inawezekana. Risasi ile ya kuchomelea huyeyuka kwenye nyuzijoto 183 au zaidi kidogo, na kaa jekundu lina joto zaidi ya hapo kwa mbali. Shida ya msumari ni kwamba haujui pa kuishia. Kwa mwanga wa mshumaa uliokuwa umeshikwa na mtoto aliyesinzia, shemeji alimenya nyekundu, akaisokota, akaichoma, na risasi ikakaa vizuri, nilishuhudia. Ili apate nafasi ya kufanya kazi alikata nyuzi mbili za urembo. Ili aushike msumari vizuri aliuegemeza kidogo kwenye kijani. Harufu ya plastiki iliyoungua ilijaa chumba, na mama mkwe akasema kutoka uani kwamba maharage yake yakinuka hivyo atajua la kufanya.

Umeme ulirudi usiku. Mtaa ukapiga lile yowe letu la kuupokea, watoto wakaamka, nasi tukajipanga mbele ya kioo.

Nyekundu ilikuwa imerudi! Mzee mstaafu alikuwa na damu, tena tele. Tatizo ni kwamba alikuwa na damu peke yake. Ule msumari ulikuwa umeyeyusha plastiki ya uzi wa kijani, shaba ya ndani ikagusana na wavu wake, na kijani yote ikaishia hapohapo. Ukurasa mweupe ulikuwa pinki ya kuumiza macho. Na kila kitu kilikuwa kikubwa: herufi kubwa, picha ndogo za programu kubwa, kishale kikubwa. Zile za urembo zilikuwa ndizo kioo kinazotumia kuiambia kompyuta kina ukubwa gani na kinaweza nini, na kompyuta ilipoona hakuna anayejibu ikachagua kipimo kidogo kisicho na hatari. Shemeji alikuwa na bahati. Kuna nyuzi nyingine mbili hapo pembeni ambazo kazi yake ni kukiambia kioo kianze mstari lini na kianze ukurasa lini. Angekata hizo, tungeangalia giza.

Mama mkwe pekee ndiye aliyeridhika. Kwa mara ya kwanza aliweza kusoma bei zangu bila miwani, na akaanza kuzijadili.

Asubuhi kijana wa Simba alipita akaona jezi za timu yake zimerudi nyekundu, akashukuru, japo zile sehemu nyeupe zilikuwa zimegeuka pinki na hakutaka kulizungumzia. Lakini taarifa ilikuwa imeshafika kwa jirani wa Yanga. Alikuja mbio. Nikamfungulia picha ya timu yake. Kijani ilikuwa nyeusi. Njano, ambayo kwenye kioo ni nyekundu na kijani zikiwaka pamoja, ilikuwa imebaki na nyekundu peke yake. Yanga nzima, wachezaji 11 na benchi, walikuwa wamevaa nyekundu ya Simba.

Yule bwana alikaa kimya. Halafu akaniuliza, kwa sauti ya chini, kama kuna mtu mwingine ameiona.

Mwenyekiti wa kamati naye hakupiga simu tena, alikuja mwenyewe. Alisimama mbele ya kioo akiwa amefunga mikono kifuani. "Haya. Damu nimeiona, damu ni yenyewe." Nikaanza kupumua. "Lakini maziwa haya, dada, mbona yamechacha?"

Nikaenda kumwita fundi wa redio. Alikuwa na kibanda mtaa wa pili, mtu mzima, wa maneno machache, na nilichelewa kumwita kwa sababu ya shemeji: ukileta fundi wa nje wakati wa ndani yupo, hiyo ni kesi ya ukoo. Nikamwambia shemeji kwamba fundi anakuja kukagua kazi yake. Akapenda.

Jambo la kwanza, fundi alisoma kibandiko cha onyo mgongoni mwa kioo, akatuamuru watu wote tusiguse ule mfuniko. Ndani ya chogo la kioo cha rangi, alisema, mna umeme unaopita volti 20,000, na unaweza kubaki humo hata baada ya kuchomoa. Mume wangu, ambaye alikuwa amelifuta vumbi lile chogo kwa kitambaa kibichi kila Jumapili, akatoka nje kupata hewa.

Kisha fundi akatoa mita yake, ya mshale, kioo chake kimepasuka. Akaiweka kwenye kupima omu, akaanza na plagi. Kwenye plagi hiyo, ukitazama kwa karibu sana, pini zina namba zilizochongwa. Ya kwanza nyekundu, ya pili kijani, ya tatu bluu, na chini yake ya sita, ya saba na ya nane ndizo njia zao za kurudi. Akagusa ya tatu na ya nane: mshale ukaenda ukakaa kwenye 75. "Huyu bluu mzima. Kioo chenyewe kinamjibu, 75 ndiyo salamu yake." Akagusa ya kwanza na ya sita: 75. Akamtazama shemeji, akatikisa kichwa kwa heshima kidogo. Akagusa ya pili na ya saba, na mshale ukaruka moja kwa moja mpaka sifuri.

"Hapa pameunguzwa," akasema. "Alitumia nini?"

Hakuna aliyejibu. Msumari ulikuwa bado kwenye jiko.

Akakata kipande chote, palipotafunwa na palipoungua, akakitupa. Waya ukawa mfupi, ikabidi sipiyu ipandishwe juu ya maboksi ya karatasi. Akamenya ncha zote na kuzipanga ngazi ngazi: nyekundu akaikata fupi upande huu na ndefu upande ule, kijani kinyume chake, bluu katikati, ili viungo visikae bega kwa bega hata mkanda ukija kulegea. Nyuzi za urembo akazirudisha moja moja, kila moja kwa mwenzake. Mama mkwe alipoona herufi zitarudi kuwa ndogo akauliza kama hizo lazima. Kila kiungo kikapata risasi, kikapata tepu, kikapulizwa.

Zile nyavu tatu zilizovika nyuzi za rangi hakuzipa muda huo. Adhuhuri ilikuwa inaingia. Akazisokota zote pamoja, akazitia risasi mara moja, akafunga.

Tukawasha. Nyeupe ilikuwa nyeupe, na nusura nilie. Mzee mstaafu alikuwa na uso wake, na alikuwa mzuri wa sura kumbe. Simba Simba, Yanga Yanga. Ila ukitazama maandishi kwa karibu, kila herufi ilikuwa na kijivuli chembamba upande wa kulia, kinachofifia.

"Fundi, na hiki?"

Akainama akatazama. Rangi, alisema, hupenda njia moja iliyo sawa tangu mwanzo hadi mwisho, kila mmoja na wavu wake. Pale nilipounga inajikwaa, kidogo inarudi nyuma, halafu inakuja tena imechelewa. Hicho ndicho unachokiona, ni rangi iliyochelewa. Kukiondoa ni kufumua zile nyavu na kuunga kila mmoja peke yake. Akatazama saa yake. "Elfu tano ya kazi. Kivuli sikuchaji."

Shemeji alimsindikiza hadi kona, na aliporudi alianza kuwaeleza watu kwamba wawili hao wameunga waya ule kwa pamoja.

Mwenyekiti wa kamati alifika alasiri akiwa na mweka hazina, kwa ajili ya ushahidi. Nikawageuzia kioo. Damu ya mzee ilikuwa damu ya mtu aliyeishi miaka mingi. Maziwa yalikuwa maziwa. Mwenyekiti hakusema neno, akavuta kiti, akaisoma kadi yote tangu bismillahi mpaka namba za simu, na mwisho akaweka kidole kwenye jina la bibi harusi.

"Hiki kivuli."

Nikaanza kutafuta maneno.

"Hiki kivuli kizuri," akasema. Akamgeukia mweka hazina, naye akaafiki kwa kichwa. "Wale wa Tandika hawakuwa nacho kwenye kadi zao. Hivyohivyo dada, usikiguse, kila jina liwe nacho."

Kadi zikichapwa hazingekuwa nacho, maana kivuli kilikuwa kinaishi kwenye waya. Basi walipoondoka nikaingia kwenye programu, nikachagua herufi moja moja na kuzitilia kivuli cha kupangwa, cha kijivu, upande wa kulia. Kwenye kioo majina yakawa na vivuli viwili viwili, na nilipanga kadi zile macho yakinizunguka mpaka usiku. Nilimtoza shilingi 50 zaidi kwa kila kadi.